Kisima Kilichokuwa Ukumbi wa Dansi

Mtu akiniuliza nilianzia wapi kuimba, humjibu kwamba nilianzia chini ya ardhi. Wengi hucheka. Wacheke tu, sina ugomvi nao. Niliimba ndani ya kisima, Newala, miaka ile ya ruksa, wakati kila kitu kilikuwa kinafunguliwa na kila mtu anauza alichonacho. Baadaye nimeimba Masasi kwenye kumbi zenye vipaza sauti na taa za rangi. Nimeimba harusini, nimeimba hata kwenye mikutano ya siasa, ambako watu wanakupigia makofi huku wanaangalia wali umefika wapi. Kote huko nilikuwa mtu anayeimba. Kisimani nilikuwa kitu kingine, na mpaka leo nakikumbuka kisima kile kwa uchungu.

Kwa asiyeijua Newala, nieleze kwanza. Mji umekaa juu, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale ukingoni unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Upepo upo, ukungu wa asubuhi upo, korosho zipo. Maji ndiyo hayapo. Yapo bondeni, na wanaoyafuata ni wanawake. Unashuka alfajiri na ndoo tupu, unapanda jua limeshatoka, ndoo kichwani, shingo imezama mabegani. Kwa hiyo mwenye uwezo hujenga kisima uani. Na usidhani ni kile cha kuchimba mpaka chemchemi, maana juu kule utachimba hadi uzeeke hujaona unyevu. Ni shimo kubwa, kuta na sakafu za mawe na saruji, limefunikwa kwa zege, na mfereji wa bati unaleta maji ya mvua kutoka paani. Masika yakiwa mazuri unakunywa mwaka mzima.

Kisima chetu kilikuwa kikubwa kuliko vyote mtaani, karibu sawa na darasa dogo. Alikijenga mwenye duka mmoja wa zamani kabla sijazaliwa, na alipoondoka, bibi mzaa mama akainunua nyumba ile kwa fedha ya korosho. Bibi alipofariki, nyumba ikabaki kwa wanawe wawili, mama yangu na mjomba wangu, kama desturi yetu ilivyo. Tatizo ni kwamba kisima kilikuwa kimepasuka. Maji ya masika yote yalijaa humo na yote yakaondoka kimyakimya, na baada ya muda unakuta tope tu. Saruji ya kukitengeneza haikupatikana. Enzi zile saruji ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha wanaojuana. Basi kisima kikakaa hivyo, kikavu, kuku wanalala juu ya mfuniko wake, na mama akaendelea kushuka bondeni.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mpiga gitaa Masasi katika bendi ya ofisi moja ya umma. Wakati huo ofisi zilikuwa na bendi kama zilivyokuwa na wafagizi. Mchana wanamuziki walijifanya makarani, jioni wakashika kazi yao. Ikaja ruksa, ofisi ikaambiwa ijitegemee, na cha kwanza kufagiliwa kikawa bendi. Vyombo havikupata mnunuzi, wakagawana wenyewe. Mjomba akarudi Newala juu ya lori la magunia na magitaa mawili makavu, yasiyotaka umeme, tarumbeta moja na ngoma zake. Akaja na mpiga ngoma pia, Myao wa Masasi, mtani wetu, ambaye alisema hawezi kuziacha ngoma ziende peke yake kwa Wamakonde, zitaishia kuwekwa maji.

Chumba alichopewa mjomba kilikuwa kinavuja na panya wake hawakuwa na adabu. Akaona kiangazi kile mahali pakavu pasipo panya ni kisimani. Akaviteremsha vyombo humo kwa kamba. Siku moja mimi na mama tuko uani tunabangua korosho, tukasikia gitaa linatoka ardhini. Mjomba alikuwa ameshuka kukaza nyuzi, kumbe. Mama alibaki ameinua jiwe la kubangulia, halishuki. Ilikuwa sauti ya gitaa moja, lakini iliujaza ua wote hadi jirani akaja kuchungulia. Mjomba akatoa kichwa mdomoni mwa kisima, vumbi mpaka kwenye kope, akatuita twende tukasikie. Mimi nikashuka. Mama akakataa. Alisema kisima ni cha maji, na yeye haingii kaburini angali mzima.

Mle ndani mjomba akaniambia niimbe chochote. Mimi nilikuwa na kasauti kembamba, shuleni mwalimu wa kwaya alikuwa ananiweka mstari wa nyuma nisiharibu. Nikaimba kwa aibu. Sauti ikatoka, ikaenda ukutani, ikanirudia nene, imekomaa, kana kwamba dada yangu mkubwa ananiitikia. Nikaimba tena kwa nguvu zaidi. Halafu nikaanza kulia, na mjomba akadhani naogopa giza. Sikuogopa chochote. Nilikuwa na umri wa kuolewa na hiyo ndiyo mara ya kwanza kujisikia.

Dansi lilianza bila mtu kulipanga. Jirani alileta mwenzake, mwenzake akaleta shemeji. Mjomba akatengeneza ngazi ya mbao yenye mashikio, akaweka bati jipya mdomoni mwa kisima, akaliinamisha ili liurushe mwanga wa jua chini. Siku ikawa Jumapili mchana, baada ya misa na baada ya adhuhuri, ili Mkristo na Mwislamu wote wakose kisingizio, na kabla ya magharibi kila mtu awe kwao. Wanawake walishuka kwanza na kupanda mwisho, kwa sababu ya ngazi na kanga zetu, mnaelewa wenyewe. Kwa hiyo wanaume walipokuwa wanateremka walitukuta tumeshakaa, tunawakagua miguu mmojammoja inavyotokea juu. Kuna waliokuja na viatu vya mitumba vya rangi mbilimbili, tukawapa majina pale pale. Uraka, ile pombe ya mabibo, ulipigwa marufuku. Aliyekunywa hakushuka, maana mjomba alisema kushuka atashuka, kupanda je?

Jumapili ya kwanza watu walijaa, joto likapanda, kiu ikawashika, wakauvamia mtungi wa mama wakaumaliza. Mama aliporudi kutoka kwa jirani akakuta mtungi mtupu. Loo! Sijawahi kumwona vile. Alisimama mdomoni mwa kisima akawasema wote waliokuwa chini, mmojammoja, kwa majina ya mama zao. Kisha akaweka sheria. Anayetaka kucheza aje na ndoo ya maji, ayamimine kwenye pipa pale mlangoni. Hakuna maji, hakuna dansi, hata uwe mtoto wa nani.

Hapo ndipo Newala ilipoona maajabu. Wanaume ambao tangu wazaliwe hawajawahi kubeba ndoo walianza kushuka bondeni. Wengine waliyafunga madumu kwenye baiskeli wakazisukuma mlima mzima, ulimi nje. Wanawake wakakaa njiani kuwatazama kama wanaangalia gwaride. Yule mtani wetu Myao alikuwa akipokea maji pipani huku akiwaambia Wamakonde kwamba leo wameyajua mambo ambayo wake zao wanayajua tangu ukoo uanze. Kulikuwa na mzee mmoja wa mtaa wa pili aliyeshuka mara moja tu, akarudi, akamwomba mkewe radhi mbele za watu. Sikutunga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wao waliinama.

Tulikuwa tunapiga kiangazi tu. Masika kisima kilikuwa na tope na mfereji ulikuwa unamwaga, kwa hiyo tulikaa kuhesabu mawingu yaondoke. Wenzetu waliomba mvua, sisi wa Kisimani tulikuwa tunaomba jua, na tulijua ni dhambi. Nami kiangazi kikifika nilikuwa mtu mwingine. Wiki nzima nilikuwa msichana wa kubangua korosho, Jumapili naweka mgongo kwenye ule ukuta wa baridi, nafungua mdomo, na watu wote wananyamaza. Walikuja kutoka Kitangari, walikuja hata kutoka Masasi na basi la asubuhi. Walisema hawajasikia sauti kama ile. Mimi nilijua nusu ni yangu na nusu ni ya kisima.

Mama hakushuka hata mara moja. Alikaa juu uani na ungo wake. Pipa lilipobaki na maji baada ya dansi, yakawa yake, na mjomba alipenda kumkumbusha kwamba muziki unamletea maji nyumbani. Lakini yale yalikwisha Jumanne, na Jumatano mama yuko njiani tena. Magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba. Nilikuwa naenda naye, nabeba ndoo kubwa, yeye ndogo, na bado tulipokuwa tunapanda alisimama kila baada ya kona akajifanya anatazama bonde. Alikuwa hatazami chochote. Alikuwa anasubiri maumivu yapite.

Kisha ruksa ileile iliyotuletea bendi ikatuletea saruji. Ghafla maduka ya Masasi yakawa nayo, mifuko imepangwa hadharani, hakuna kibali, hakuna kujuana, wewe na fedha yako tu. Mama aliuza korosho zake kwa mnunuzi wa binafsi, akapanda basi, akarudi na mifuko yake juu ya keria. Akaipanga sebuleni. Wageni wakawa wanakaa juu yake, na mimi kila nikipita naiona, roho inanishuka. Fundi akaja, akateremka, akapiga sakafu kwa nyundo. Akasema nyufa zimezidi kwa sababu ya miguu ya wachezaji. Kikitengenezwa mwaka huu kabla ya mvua kitapona. Wakicheza kiangazi kingine, asiitwe tena.

Mjomba hakutaka kugombana na dada yake, na hakutaka kuliua dansi. Akafanya hila ya watu wapole. Tulipokaa kikao cha familia alisema nyumba ni ya wote wawili, yeye hana la kuamua, basi aamue mwenye sauti. Mwenye sauti ni mimi. Nilitamani ardhi inimeze, ingawa kwa nyumba yetu hilo halikuwa jambo gumu. Mama hakupinga. Aliniuliza tu nataka lini fundi aje. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika nikasema tumalizie Jumapili moja tu. Mikorosho ilikuwa imeshaanza kudondosha mabibo, mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa bahari kila alasiri, na mimi bado nasema wiki ijayo. Nilikuwa najua nikisema ndiyo, sitasikika tena. Nilimpenda mama na nilikipenda kisima, na usiniambie ningejigawa vipi.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumeshaanza. Niko chini, nimeegemea ukuta, nasubiri gitaa liingie, nikasikia juu kumenyamaza ghafla. Mpiga ngoma akainua macho. Pale mdomoni mwa kisima, mbele ya pipa, alisimama mama. Amevaa kanga zake za sikukuu, kichwani ana ndoo imejaa. Alikuwa ameshuka bondeni peke yake asubuhi ile, nami nilidhani yuko kanisani. Mjomba akapanda haraka, nikamsikia anamwambia kwamba yeye ni mwenye nyumba na mwenye nyumba halipi. Mama akamjibu kwamba sheria aliiweka yeye, na hajaitoa. Akaimimina ndoo yote. Sauti ya maji yale yakiingia pipani ilifika chini kwetu, na hakuna aliyesogeza mguu.

Halafu akaanza kuteremka ngazi. Jamani, ile ngazi! Kila kipago alisimama. Mguu mmoja, halafu wa pili unaufuata, halafu anapumua. Niliishika ngazi kwa chini na magoti yake yakapita mbele ya uso wangu, yamevimba, yanatetemeka. Alipokanyaga sakafu, wanawake wakampisha akae kwenye gogo. Nikainama sikioni kwake.

"Mama, yale ndiyo maji yetu ya leo na kesho."

"Najua, si nimeyabeba mimi," alisema. "Imba nisikie."

Nikaimba ule wimbo ambao wanawake wetu huuimba wakipanda mlima. Una maneno machache tu. Unaliambia bonde lipande kidogo, nasi tutashuka kidogo, tukutane katikati. Siku zote nilikuwa nauimba kwa wepesi, watu wacheze. Siku ile hakuna aliyecheza. Wanawake waliitikia kwa sauti ya chini, kuta zikaitikia, na mama alikuwa ananitazama mdomo kama mtu anayetaka kujua maneno yanatoka wapi. Nilipomaliza alikuwa anatikisa kichwa polepole. Alisema kule juu alikuwa anasikia wimbo, hakujua kuwa chini kuna mtu anayeimba hivi.

Alipokuwa anajiandaa kupanda akanishika mkono. Akaniambia atamweleza mjomba waache kukitengeneza mwaka huu. Saruji itanunuliwa nyingine, kisima kitachimbwa hata kingine Mungu akipenda, na miguu bado ipo. Alisema hivyo kwa furaha kabisa. Nami, niseme ukweli, nilimkasirikia. Angenipinga ningepambana naye, na kwa ubishi mimi nilikuwa sishindwi. Sasa amenikubalia, nifanyeje? Nilitazama yale magoti yakianza tena kipago cha kwanza, nikamwita mjomba pale pale, mbele ya watu, gitaa likiwa bado mkononi mwake.

"Mjomba, kesho tuanze," nikamwambia. "Usiniulize tena."

Akanitazama sana. Kisha akalegeza nyuzi, moja baada ya nyingine, taratibu.

Kesho yake wachezaji wote walikuja kuchanganya zege. Mtani wetu alipaka ukuta kwa mwiko huku anatukana ukoo wetu mzima, machozi yanamtoka, na hakuna aliyemtania. Ngazi ikatolewa, bati likapandishwa paani. Mvua za kwanza zilikuta saruji imekauka vizuri. Zilinyesha asubuhi nzima, na mama alitoka nje akasimama kwenye mvua ileile, kanga imemng'ang'ania mwilini, anasikiliza maji yakiporomoka kisimani. Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa barazani nalia kwa sauti, nikijificha kwenye kelele za bati.

Mama hakushuka bondeni tena maisha yake yote. Mpiga ngoma alirudi kwao Masasi, mjomba akashika jembe na mikorosho yake, gitaa akalitundika. Mimi nilihangaika na kuimba miaka mingi, nikawa nalipwa, nikawa najulikana kidogo. Kipaza sauti kinaikuza sauti, sikatai, lakini hakikurudishii kitu. Unaimba, inakwenda, basi. Mara nyingi jukwaani nilikuwa nafumba macho nikitafuta ule ukuta wa baridi mgongoni, na nyuma yangu hakuna kitu. Ile hamu haijawahi kuniisha hata siku moja. Kisha nikaolewa Lisekese, kulekule Masasi, nikazaa, nikaacha kuimba.

Mama alipozidiwa nilimchukua akaja kukaa kwangu. Siku zile za mwisho alikuwa hali tena, na kazi yangu ilikuwa kumlowesha midomo kwa kijiko. Asubuhi moja nikamwinulia kijiko, akageuza uso. Nikamsihi anywe hata tone. Akanisukuma mkono, kidogo tu, maana nguvu hakuwa nazo.

"Maji umeninywesha miaka yote, mwanangu, nimeshiba," alisema. "Niimbie."

Nikamuuliza wimbo gani, akasema wowote. Chumba kilikuwa kidogo, kuta za udongo, nguo zimetundikwa kila mahali, hakuna kinachoitikia. Nikaimba na ile sauti yangu nyembamba niliyozaliwa nayo, ndiyo niliyokuwa nayo. Mama akafumba macho, akauleta mkono wake kifuani kwangu, akauacha hapo mpaka nilipomaliza.